Lucky Dube: Sauti ya Umoja Iliyozimwa kwa Kudhaniwa Mgeni

Lucky Philip Dube, mmoja wa waasisi wa rege barani Afrika, alizaliwa Ermelo, Afrika Kusini, tarehe 3 Agosti 1964. Alianza kwa kuimba mbaqanga kwa Kizulu, na soko lilikuwa lake. Hata hivyo, mwaka 1984 aligeukia rege kwa santuri ya Rastas Never Die. Ziliuzwa nakala takriban 4,000, ilhali santuri zake za mbaqanga zilifikia 30,000. Serikali ya makaburu nayo ikaipiga marufuku.

Mfanyabiashara angerudi nyuma. Dube alisonga mbele. Mbaqanga ilimfikisha kwa Wazulu wenzake, bali rege ilimfikisha kwa kila aliyeonewa. Slave (1987) na Prisoner (1989) zikalitangaza jina lake ulimwenguni.

Mwaka 1993 alitoa Victims, albamu yenye wimbo unaosisitiza kwamba binadamu, licha ya rangi zao, ni wamoja. Oktoba ya mwaka huohuo Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na wakimbizi wengi wakavuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu. Kwa wenyeji wa nyanda hizi, Gwarama ikiwemo, umoja haukuwa tena jambo la nyimboni. Ulibisha hodi mlangoni, ukizungumza Kirundi, lugha ambayo Muha huielewa bila mkalimani.

Tarehe 18 Oktoba 2007, miaka 13 baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka kisheria, Dube aliuawa kwa risasi huko Rosettenville, Johannesburg, na majambazi waliotaka kumpora gari. Ilielezwa kwamba walimdhania kuwa raia wa Nigeria. Watu watatu walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2009.

Tuutafakari utetezi huo. Yaani angekuwa Mnigeria kweli, damu yake ingekuwa rahisi zaidi? Mei 2008 jibu lilionekana mitaani: zaidi ya watu 60 waliuawa katika mashambulizi dhidi ya wageni nchini humo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sheria inaweza kufuta ubaguzi kwa siku moja, lakini moyo unaopima thamani ya mtu kwa mpaka alikozaliwa haufutwi na bunge. Kigoma, inayopokea wakimbizi kizazi baada ya kizazi, ina wajibu wa kulikumbuka hilo kila tunapomwita jirani yetu "mtu wa kuja".