Rosa Mistika na Mizani ya Lawama

Mwaka 1971 East African Literature Bureau ilichapisha hadithi ya mtungaji kijana, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Kitabu hicho, Rosa Mistika, kilizuiwa kwa muda kusomeshwa shuleni Tanzania, kwani kilitaja waziwazi mambo ambayo watungaji wa kabla yake waliyasitiri kwa adabu. Baadaye kiliruhusiwa, kikawa miongoni mwa vitabu vinavyotahiniwa.

Waliokizuia walimtazama Rosa; waliomzunguka hawakuwatazama sana. Rosa ni kifungua mimba wa Zakaria, mlevi ambaye nyumba yake inasimama kwa jasho la mkewe Regina. Barua moja ya mvulana, Charles, yatosha kumfanya baba ampige binti yake vibaya. Hivyo Rosa anakua akiwa amefundishwa kumkimbia mwanamume, si kumjua. Anapokwenda kusoma Mwanza katika shule ya wasichana, wa kwanza kumnasa ni Deogratias, Bwana Maendeleo.

Yafaa kusita kidogo katika cheo hicho. Katika miaka iliyofuata uhuru wa 1961, Bwana Maendeleo alikuwa mdomo wa serikali kijijini, na alipokea mshahara kila mwezi mahali ambapo wakulima walingojea msimu wa pamba. Mbele ya binti asiye na kitu, fedha na heshima yake vilikuwa mtego tayari. Na katika chuo cha ualimu cha Morogoro anayemtumia Rosa ni mkuu wa chuo mwenyewe. Wanaomla Rosa, basi, si wahuni wa vichochoroni. Ni watumishi wa taifa jipya, waliokabidhiwa kumlea. Pengine hilo liliuma kuliko maelezo ya miili.

Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alimpa Maimuna njia ya kurudi baada ya kufungiwa na baba na kutumbukia katika maisha ya baa. Rosa hakupewa. Charles alipogundua kwamba mchumba wake si bikira alimwacha, naye Rosa akajiua. Ndipo mtungaji akawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu wahukumiwe. Wasomaji wengine huiona sehemu hiyo kama kiraka, lakini ni hapo tu Rosa anapoweza kushtakiana na Zakaria bila kuogopa fimbo.

Rosa alitoa mimba kwa siri, na siri hiyo ilikuwa na sababu yake: mwanafunzi aliyeonekana mjamzito alipoteza masomo. Desturi hiyo ilidumu Tanzania miaka mingi baada ya kitabu kuruhusiwa, hata Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua waweza kurejea katika shule za kawaida. Kezilahabi alikuwa amekwisha fariki, Januari 2020.