Mbogi ya Longisa kushuka Pwani wikendi: shika rada kabla mtoe doo ya chama

Kila chama cha vijana kina ule msee. Mkutano ukikaribia kuisha, mweka hazina akishasoma hesabu, yeye anainua mkono: "Wasee, si twende Mombasa?" Watu wanacheka. Halafu wanaacha kucheka, kwa sababu wakipiga hesabu wanaona inawezekana.

Tatizo ni kwamba mbogi nyingi kutoka huku kwetu zikishuka Pwani zinaona vitu viwili tu, bahari na bili. Mnarudi na selfi za maji ya magoti na bangili iliyoandikwa "Mombasa", na ile pesa mlikuwa mnachanga tangu Januari imeyeyuka. Hii hapa ni rada ya safari ingine: siku mbili za Mombasa na Kwale, mkicheki watu wanaoishi kwa kazi ya mikono na misitu inayowalisha. Sisemi msiogelee. Ogeleeni, manze, mmetoka mbali. Lakini huku upande wa Kericho na Konoin mashine zinazidi kuchuma majani chai yaliyokuwa yakichumwa na watu, na vijana wanatafuta kitu kingine cha kushika. Kama chama kitatumia doo, afadhali mrudi mkiwa mmeona wengine walishika nini.

Kwanza, hesabu ya njia

Longisa hadi Mombasa ni karibu kilomita 700. Usidanganywe na neno wikendi, hii ni safari ya Ijumaa asubuhi hadi Jumatatu mchana. Kama kuna mtu anaingia kazi Jumatatu asubuhi, aombe ruhusa mapema ama abaki.

Mat ya kupitia Mulot, Narok na Mai Mahiu inawafikisha Nairobi. Msimu wa mvua ile barabara ya Narok kwenda Mai Mahiu inaweza kusumbua vibaya, kwa hivyo tokeni asubuhi na mapema. Kutoka Nairobi chukueni Madaraka Express, ile treni iliyoanza kubeba abiria 2017. Tangu Januari 2024 kiti cha kawaida ni shilingi 1,500 kwenda peke yake. Mkiwa watu 15, treni pekee kwenda na kurudi ni 45,000, kabla hata mtu hajanunua chai. Treni ya usiku ndiyo inawafaa, maana mnalala ndani na kuokoa pesa ya chumba. Huondoka saa nne usiku na kufika Mombasa kabla kupambazuke, lakini thibitisheni ratiba na nauli mkikata tiketi, na msingoje siku ya mwisho, hasa karibu na likizo. Kila mtu abebe kitambulisho. Fikeni Syokimau saa moja au mbili mapema, kwa sababu kuna foleni ya ukaguzi, mabegi yanapangwa chini na mbwa wanapita wakinusa. Panga, visu na pombe viacheni nyumbani.

Jumamosi asubuhi: Changamwe

Treni inawashusha Miritini, na hapo watu wengi wanakimbilia mjini moja kwa moja. Nyinyi pigeni kiamsha kinywa mos mos, mahamri na mbaazi, halafu muanzie Changamwe ambayo iko hapo karibu. Kwenye barabara ya Port Reitz, ile ya kwenda uwanja wa ndege wa Moi, kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba, Akamba Handicraft, ulioanzishwa 1963. Ndani ni vibanda juu ya vibanda. Huyu anapasua gogo, yule anatoa umbo la twiga kwa tezo, mwingine anapiga msasa, na vumbi la mbao limejaa hadi kwenye nyusi. Kinachofurahisha ni kwamba unaona kitu kikianza kama kuni na kuishia dukani bila kuondoka kwenye ua.

Ukamba si Pwani, najua. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba ufundi huu wa kuchonga vinyago vya kuuza uliletwa na mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona wachongaji wa huko, akarudi nyumbani na kuanza. Watu wa kwao wakajifunza, wakafuata soko hadi Nairobi na Mombasa. Wengi wa hawa mnaowaona Changamwe wameingilia mlango ule.

Sasa ulizeni swali ambalo wageni wengi hawaulizi: hii ni mti gani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa muhugu au mpingo. Muhugu ni mti mgumu, unanukia vizuri na unakubali msasa. Pia unakua polepole mno. Biashara ya vinyago ilipochangamka, mihugu mizuri ilikatwa hadi wachongaji wakaanza kutafuta mbali, na mojawapo ya sehemu zilizoumia ni msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, kilomita za mraba kama 420, msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Ndani ya hiyo mihugu anaishi bundi mdogo, Sokoke, anayetosha kwenye kiganja. Anapatikana hapo na kwenye vilima vya Usambara Mashariki, Tanzania. Kila twiga aliyechongwa kwa muhugu alikuwa anamnyang'anya nyumba.

Kilichofuata ndicho ningetaka mbogi yenu isikie kutoka kwa fundi mwenyewe. Wachongaji wengi walihamia mwarobaini, pamoja na mwembe na jakaranda. Mwarobaini ulitoka Asia, unaota kila mahali Pwani hadi watu wanauona kama gugu, na unakua haraka kuliko muhugu. Mkulima anaupanda shambani, anauza gogo, na msitu unapumua. Haikuwa rahisi. Wateja walikuwa wamezoea ule mti wa zamani, na mti mpya ukichongwa ukiwa mbichi unapasuka. Lakini kazi haikufa. Mkiwa hapo muulize fundi anaukausha vipi, anatoa wapi magogo, na kinyago kimoja kinamchukua siku ngapi. Mkiona anaingia kwenye maelezo, mwacheni aongee. Muamkie kwanza, na kama ni mzee ni "shikamoo", sio "niaje". Pwani ukimrukia mzee na "sasa" umechoma.

Kuhusu kununua: kinyago cheusi tititi si lazima kiwe mpingo. Kuna vingi vimepakwa rangi ya viatu. Kiangalie chini, pale pasipopigwa msasa vizuri, ukikwaruza kidogo utaona rangi ya kweli. Na tafadhali, usitoke Longisa ukanunue Mombasa kinyago cha jiwe la Kisii. Hilo jiwe limetoka Tabaka, ambako ni karibu na kwenu kuliko hata Nairobi. Limesafiri kilomita mia kadhaa kuja kukungoja wewe.

Mchana: Mji wa Kale

Fort Jesus muipitie, ndio. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 na kuichukua 1698, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko wageni, ndiyo maana narudia habari ya kitambulisho. Lakini kwa safari hii ngome ni mlango tu wa kuingilia vichochoro vilivyo nyuma yake.

Inua macho. Angalia milango ya mbao iliyochongwa, maua na mizabibu pembezoni, na ule mhimili wa katikati unaoitwa mfaa. Halafu tembeeni hadi Biashara Street, mtaa wa leso. Hapa wasichana wa mbogi watawafunza wavulana, ama wote mfunzwe na mwenye duka: leso huuzwa jozi, inaitwa doti. Ukingo unaozunguka ni pindo, katikati ni mji, na yale maandishi ni jina. Jina ndilo linalonunuliwa. Mtu anaweza kukataa rangi nzuri kwa sababu maneno yanaweza kumletea vita na wifi yake. Tafuteni ile chapa ya "Mali ya Abdulla", ni kampuni ya familia ya Mombasa ambayo imetoa leso kwa vizazi. Ukimnunulia mama, soma jina mara mbili kabla ulipe. Usimpelekee nyanya yako ujumbe wa mapenzi.

Mji wa Kale watu wanaishi, si seti ya video. Vaa nguo za heshima, na ukitaka kupiga mtu picha, omba. Jioni dishini viazi karai pale nje ya ngome, mnywe madafu, mlale mapema.

Jumapili: ng'ambo ya Likoni

Feri ya Likoni ni bure kwa watu wa miguu. Upande wa pili mkodi mat moja ya mbogi nzima au mdandie za kwenda Lunga Lunga. Kuna vituo viwili, na vyote viwili mpige simu mapema, maana vinaendeshwa na wanakijiji wenyewe, si hoteli.

Cha kwanza ni Kaya Kinondo, karibu na Diani. Kaya ni misitu mitakatifu ya Mijikenda. Zamani vijiji vilikuwa ndani yake, leo ni mahali pa maombi na makaburi. Kadhaa ziliingia orodha ya UNESCO 2008, na Kinondo ni mojawapo. Ni msitu mdogo, hekta kama 30, ambao umesimama wakati ufuo wote kuuzunguka umejaa hoteli. Umesimama kwa sababu ya sheria. Utafungwa kitambaa cheusi kiunoni, hutakata jani, hutaokota hata kijiti kilichoanguka, na wapenzi wasishikane humo ndani. Wenye mbogi watacheka hii ya mwisho. Ndani hawatacheka. Mkirudi Longisa waulizeni wazee kuhusu mabwaita, na ni miti gani Wakipsigis walikuwa hawaigusi, mkiwa na msitu wa Mau unaolisha Nyangores na Amala hapo juu yenu.

Cha pili ni Gazi, kama kilomita 50 kusini ya Mombasa, na kama mtakosa kila kitu kingine hiki msikose. Mikoko ya Gazi ilikatwa sana miaka ya nyuma kwa kuni za viwandani na boriti za kujengea. Wanasayansi na wanakijiji wakaanza kupanda upya. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vina mradi unaoitwa Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117 za mikoko, na kwa kuwa mikoko inazika kaboni nyingi kwenye matope, wanauza krediti za kaboni, kama tani 3,000 kwa mwaka. Wa kwanza duniani wa aina hiyo kwa mikoko. Pesa inaingia kwenye mfuko wa kijiji, na imeleta maji ya mfereji na vitabu vya shule. 2017 walishinda tuzo ya Equator. Yaani watu wanalipwa kwa mti ambao haujakatwa. Mkae na wanakamati muwaulize jinsi wanavyokubaliana pesa iende wapi, kwa sababu hapo ndipo vyama vingi hupasukia, cha kwenu pia kikiwemo, usijifanye.

Akina mama wa Gazi wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na mkiwaambia mapema watawapikia. Ulizeni majira ya maji. Yakipwa mnaona mizizi na kaa, yakijaa bahari inapita chini ya miguu yenu. Mwambieni anayewaongoza awaonyeshe tofauti ya mkoko, mchu, mlilana na mkandaa. Vikapu na mikeka ya miyaa nunueni papo hapo, kwa mama aliyeisuka.

Mambo ya kutobeba: kome na kauri za ufuoni, matumbawe, chochote cha kasa. Sheria ya wanyamapori haichezi na hayo. Najua vibuyu vya zamani vya mursik vilipambwa kwa kauri, na hizo zilitoka bahari hii hii, lakini zilifika kwa biashara ya wakati mwingine. Na mtu akikunong'onezea kwamba ana kigango, ile nguzo ya kuchongwa inayowekwa kwa ajili ya mzee wa Kimijikenda aliyefariki, ondoka. Viliibwa vingi, vikaishia kwa matajiri na majumba ya makumbusho Marekani, na baadhi vimeanza kurudishwa. Ni kama kuuziwa msalaba wa kaburi la babu ya mtu.

Tokeni Gazi kabla saa kumi jioni. Foleni ya Likoni Jumapili ni noma, na treni ya kurudi saa nne usiku haingoji mtu anayepatana bei ya embe. Vinyago vifungeni kwa leso ndani ya begi. Mkifika Syokimau alfajiri, mkishaketi kwenye mat ya Narok na kabla watu hawajalala, mweka hazina azungushe kitabu kila mtu aandike jambo moja aliloona ambalo linaweza kufanywa Longisa. Mkishapita Mulot kila mtu atashuka kwake, na mkutano ujao ni mwisho wa mwezi.