Dayodi: njia mbili, mwendo mmoja

Neno hili lina kichekesho. Mwingereza William Eccles alilibuni mwaka 1919 kwa Kigiriki: “di” ni mbili, “hodos” ni njia. Njia mbili! Lakini kazi ya dayodi ni kupitisha umeme upande mmoja tu. Ukija kinyume, unagonga mwamba. Kumbe Eccles alihesabu milango, si mwelekeo: dayodi ya enzi zake, chupa ya kioo isiyo na hewa, ilikuwa na ncha mbili, anodi na kathodi. Ya leo ni kipande cha silikoni kinachofunguka kwenye volti 0.7 hivi, na mstari ubavuni huonyesha kathodi. Fundi redio hana habari na Kigiriki. Huipima kwa mita pande zote mbili. Ikipitisha kotekote, huitupa.