Sindano Tano

Ukisikia neno sindano, msomaji, fikira zako hukimbilia zahanati mara moja, ukamwona mwuguzi ameshika bomba lenye dawa. Sindano nitakayokusimulia habari zake si hiyo. Haina tundu wala haitii dawa. Ni nyembamba karibu kama unywele. Hudungwa ngozini kidogo tu, ikaachwa hapo kwa muda wa nusu saa au zaidi, kisha ikachomolewa. Uganga huo, ambao Wazungu huuita akupancha, asili yake ni Uchina, na vitabu vya kwanza vilivyoueleza vina umri wa miaka 2000 hivi. Usiustaajabie mno. Wazee wetu wa pwani walipiga chuku kwa pembe ili kutoa damu iliyodhaniwa kuwa mbaya, na sehemu nyingi za bara watu walichanjwa chale na kupakwa dawa. Wachina nao walisema kwamba nguvu ya uhai hupita mwilini katika njia zake, kama maji katika mifereji, na kwamba mfereji ukiziba sindano huweza kuuzibua. Mifereji hiyo wapasuaji wa miili hawajaiona mpaka leo.

Lakini sikukusudia kukueleza habari za Uchina ya kale. Nataka ujue jinsi sindano hizo zilivyoingia katika mtaa wa watu maskini mjini New York, zikawa mikononi mwa vijana ambao hawakuwa madaktari, na mambo yaliyotokea baadaye.

Mwaka 1970 sehemu ya kusini ya Bronx ilikuwa makao ya Wamarekani weusi na ya watu waliohamia huko kutoka kisiwa cha Puerto Rico. Kazi zilikuwa chache, nyumba zilikuwa zikichakaa, na heroini iliuzwa pembeni mwa barabara mchana kweupe. Hospitali yao ilikuwa Lincoln. Chanzo chake ni nyumba iliyoanzishwa mwaka 1839 kwa ajili ya kuwatunza wazee weusi maskini, ambao baadhi yao walipata kuwa watumwa. Walakini kufikia wakati ninaousimulia, jengo lake lilikuwa bovu hata wenyeji wakaiita hospitali hiyo machinjio.

Alfajiri ya tarehe 14 Julai 1970 vijana wa chama kilichoitwa Young Lords, wengi wao wana wa Puerto Rico, waliingia hospitalini humo na kuishika sehemu yake kwa muda wa saa kumi na mbili hivi. Hawakumdhuru mgonjwa yeyote. Walidai usafi, wauguzi wa kutosha, na mlango wa kupelekea malalamiko. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo walirudi, safari hii pamoja na wenzao wa chama cha Black Panther, na wafanyakazi wa hospitali, na waraibu wa heroini wenyewe. Wakataka nafasi ya kuwatibia waraibu wa mtaa wao. Wakaipata.

Hapo kwanza dawa waliyoitumia ilikuwa methadoni, ambayo mraibu hunywa badala ya heroini, kipimo kikipunguzwa siku baada ya siku. Baadaye vijana hao waliichukia. Walisema kwamba serikali inamtoa mtu katika minyororo ya muuzaji na kumfunga kwa minyororo ya hospitali. Maneno hayo yalikuwa na uchungu wa kweli ndani yake, nami siwacheki. Lakini yakupasa kujua kwamba uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kuwa methadoni huokoa maisha, na Kenya nayo ilianza kuitoa katika hospitali ya Mathari mwishoni mwa mwaka 2014. Kwa hiyo katika jambo hilo, kwa maoni yangu, vijana wale walikosea. Hata hivyo, kama wasingalikosea, pengine wasingalitafuta kitu kingine.

Kitu hicho kingine kilitokea Hong Kong, kwa bahati. Mwaka 1972 mpasuaji wa ubongo aitwaye Wen alikuwa akimtayarisha mgonjwa kwa upasuaji, akamdunga sindano za Kichina zilizopitishwa umeme hafifu ili kumpunguzia maumivu. Mgonjwa huyo alikuwa mtumiaji wa kasumba. Kabla kisu hakijamgusa, alisema kwamba mateso yaliyokuwa yakimsumbua kwa kukosa kasumba yamemtoka. Mateso hayo, yaani kutetemeka, kutokwa na jasho, kuumwa viungo na kutapika, ndiyo ambayo vijana wa Mombasa huyaita arosto. Wen akawajaribu wengine, na mwaka 1973 yeye na mwenzake wakachapisha habari za wagonjwa 40.

Habari hizo zilipofika Bronx, vijana wa Lincoln walikuwa tayari kuzisikia. Baadhi yao walikwenda mpaka Montreal, katika nchi ya Kanada, kusomea kazi hiyo. Mmoja wao alikuwa Mutulu Shakur, ambaye huenda umemsikia kwa sababu alikuwa baba wa kambo wa mwanamuziki Tupac. Sikufichi kwamba baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka 60 kwa ajili ya uhalifu, ukiwamo wizi wa mwaka 1981 ambamo watu watatu waliuawa. Aliachiliwa Desemba 2022, akafa mwaka uliofuata. Yote mawili ni historia, ya yule aliyewatuliza watu kwa sindano na ya yule aliyefungwa.

Basi ingia nami katika chumba chao. Humkuti daktari nyuma ya meza, wala hakuna kitanda na pazia. Kuna viti vilivyopangwa chumba kizima, na watu wameketi kimya, mzee kando ya kijana, huyu aliyetoka jela kando ya yule aliyefukuzwa na mkewe. Kila mmoja ana sindano masikioni. Umeme wa Wen waliuacha, wakaona kwamba sindano peke yake zinatosha. Na polepole wakafikia sehemu tano tu katika kila sikio. Moja huitwa Shen Men, yaani lango la roho. Tatu zimepewa majina ya figo, ini na mapafu. Ya tano ni ya mishipa ya fahamu iendeshayo moyo na matumbo bila amri yetu. Ramani ya sikio, ambayo viungo vyote vya mwili huonyeshwa juu yake, haikutoka Uchina kama wengi wadhanivyo. Iliandikwa mwaka 1957 na Mfaransa, Paul Nogier wa mji wa Lyon, kisha ikapokewa na Wachina. Tazama basi safari yake, kutoka Ufaransa hadi Uchina, na kutoka Mashariki hadi Bronx.

Nguvu ya mpango huo ilikuwa katika wepesi wake. Mtu aliweza kufundishwa sehemu tano kwa muda mfupi, na aliyekuwa mraibu jana aliweza kumdunga mraibu wa leo. Tena mgonjwa hakulazimishwa kusema lolote. Mtu mwenye arosto hana maneno. Ukimwuliza habari za utoto wake hukasirika akaondoka. Hapa aliambiwa keti tu.

Mwaka 1978 serikali ya mji, wakati wa Meya Ed Koch, ilituma polisi na kuwatoa wanasiasa katika mpango huo, ikilalamikia matumizi ya fedha na siasa zao. Sindano hazikutoka. Kazi iliendelea chini ya daktari wa magonjwa ya akili, Michael Smith, naye pamoja na wenzake wakaunda chama mwaka 1985 cha kuwafundisha wengine. Herufi za kwanza za jina la chama hicho husomeka NADA, neno ambalo kwa Kihispania, lugha ya nusu ya mtaa ule, maana yake ni "hakuna kitu." Jina hilo waliliona kuwa zuri, kwa kuwa walichokuwa wakitoa kilikuwa karibu na hakuna kitu: kiti, kimya, na vipande kumi vya chuma chembamba.

Katika miaka iyo hiyo ya 1980 ulizuka ulevi mpya wa kokeini ya kuvuta, iliyoitwa kraki, nao uliwaangukia wanawake kwa namna ya pekee. Mwanamke mjamzito aliyeitumia alikuwa na hofu mbili. Aliogopa kwa ajili ya mtoto, na aliogopa kwamba akienda kliniki ataripotiwa, naye mtoto atachukuliwa mara azaliwapo. Wengi kwa hofu hiyo hawakwenda kliniki kabisa, wakafika hospitalini siku ya uchungu. Lincoln iliwafungulia mlango. Waliketi pamoja na wengine, wakadungwa sindano za masikio, mkojo wao ukapimwa, wakaonwa na watu wa uzazi. Hebu fikiri, msomaji: pengine hapo ndipo sindano zilipofanya kazi yao kubwa kuliko zote, kwa kuwa zilimpa mama sababu ya kurudi kesho, na aliporudi mkunga alikuwapo.

Katika habari ya wajawazito Wachina walikuwa na hadhari zao tangu zamani. Kuna sehemu ambazo vitabu vyao vinakataza zisidungwe kwa mwenye mimba, kama ile iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, na nyingine upande wa ndani wa mguu juu ya kifundo, kwa kuogopa kuleta uchungu kabla ya wakati. Kuna nyingine hutumiwa kwa mama anayetapika, vidole vitatu juu ya kiwiko cha kiganja. Na kwa mtoto anayetaka kutanguliza makalio, huwasha majani makavu ya mmea wa jamaa ya pakanga karibu na kidole kidogo cha mguu. Usicheke: jaribio la Jiangxi lililochapishwa mwaka 1998 liliwahusu wanawake 260, kati ya 130 waliofanyiwa hivyo watoto 98 waligeuka, na kati ya 130 wasiofanyiwa waligeuka 62. Lakini jaribio la Italia, lililotangazwa mwaka 2005, lilikatizwa, nalo halikuonyesha tofauti.

Je, sindano tano nazo zilipimwa? Zilipimwa. Mwaka 2002 yalitangazwa majibu ya jaribio la watu 620 waliotumia kokeini, katika miji kadhaa ya Marekani. Wengine walidungwa mahali pa kweli, wengine mahali pasipo maana, wengine walistareheshwa tu kwa picha na muziki. Makundi yote matatu yalipunguza kokeini kidogo, wala sindano za kweli hazikushinda. Waliozipenda sindano walijibu kwamba jaribio halikupima chumba. Mimi naona kwamba walijibu vema kuliko walivyokusudia, maana kwa jibu hilo walikiri kuwa huenda chumba ndicho kilichotibu. Na kwa mjamzito mtumiaji wa heroini, madaktari wa leo hushauri methadoni, kwa sababu kuiacha heroini ghafula kwaweza kuidhuru mimba.

Chumba chenyewe kilisafiri. Mwaka 2002 Lisa Rohleder, aliyekuwa amezitumia sindano tano katika kuwatibia watu maskini, alifungua pamoja na mwenzake nyumba ya tiba katika mji wa Portland, upande wa magharibi wa Marekani. Kwingineko sindano za Kichina zilikuwa anasa ya wenye mali, chumba kimoja kwa mtu mmoja. Rohleder aliweka viti vya kulalia katika ukumbi mmoja, akatoza dola 15 hadi 35, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyesema atalipa ngapi, bila kuulizwa mshahara wake. Wafanyakazi wa mikono walikuja, na wazee, na akina mama wenye mimba walioumwa mgongo. Watu huvua viatu, hupandisha suruali hadi magotini na mikono ya shati hadi kwenye viwiko, hufunga macho. Wengine husinzia, wengine hukoroma. Hakuna kengele inayolia. Mtu akiona imetosha hufungua macho na kumtazama mtabibu, naye huja akazichomoa sindano moja moja, akizihesabu.