Mstari wa Moto Mlimani

Kukiwa hakuna mawingu, sisi wa Moi's Bridge tunauona Mlima Elgon kule magharibi. Una mita 4,321, na barafu ya kudumu hauna. Lakini zamani ulikuwa nayo. Enzi ya barafu, barafuto, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole, zilichonga mabonde ya juu zikaacha matuta ya mawe. Ziliisha maelfu ya miaka iliyopita. Hakuna anayezililia, maana hakuna aliyebaki wa kutusimulia.

Kuhusu Mlima Kenya, kizazi chetu hakina kisingizio hicho. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Mizigo ya msafara ilibebwa na wapagazi wengi, Waswahili na Wakikuyu, ambao majina yao hayamo kwenye ramani. Barafuto kubwa ya mlima huo inaitwa Lewis, jina la mwanajiolojia Mmarekani.

Kati ya 1934 na 2010, Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Sasa hebu niambie, asilimia 90 inafananaje? Mimi hesabu kama hiyo nikiisoma kwenye simu, naipita tu. Ndiyo maana kazi ya mpiga picha Simon Norfolk ilinishika. Mwaka 2014 alipanda huko, na usiku akatembea na mwenge wa petroli akifuata mpaka wa zamani wa barafu, huku kamera ikiwa wazi muda mrefu. Kwenye picha yeye haonekani. Unaona mstari wa moto tu, na mbali chini yake barafu iliyobaki, imejikunyata. Mafuta yanayochangia kuuyeyusha mlima ndiyo yaliyouchora.

Mstari mmoja ni wa 1934. Mwingine ni wa 1963, na huo ndio unaoniuma. Mwaka huo, usiku wa uhuru, Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu Lenana, kilele kilicho juu ya Lewis. Tulipopata nchi, barafu ilikuwa bado imefika pale kwenye moto. Yote iliyotoka hapo imetoka tukiwa na bendera.

Mji wetu wenyewe uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Hoey aliyeweka daraja juu ya Nzoia. Uliza vijana stejini leo, wangapi wanajua? Na hilo ni jina tu, daraja bado lipo. Barafu ikiisha, hata cha kuuliza hakipo.

Kwa hivyo kama nyumbani kwenu kuna albamu yenye picha ya mtu amesimama Lenana miaka ya themanini, itoe. Muulize huyo mzee barafu ilifika wapi, kisha andika mwaka nyuma ya picha. Kwa kalamu ya wino.