Daftari la nyumba, simu na alama za vidole: jinsi serikali zinavyofuatilia watu

Ikiwa unafikiria kurudi Nyanza-Lac au Rumonge, au una ndugu huko unayempigia simu, ni vizuri ujue mambo haya.

Daftari la nyumba
Nchini Burundi ufuatiliaji huanzia mlangoni. Kaya hutakiwa kuwa na daftari, cahier de ménage kwa Kifaransa, lenye majina ya wakaazi na ya wageni wanaolala hapo. Polisi hulikagua wakati wa msako, na wapo waliokamatwa kwa sababu majina yao hayakuwamo. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa kuhusu Burundi, iliyofanya kazi kuanzia 2016 hadi 2021, ilieleza pia jinsi Imbonerakure, vijana wa chama tawala cha CNDD-FDD, wanavyofuatilia watu vilimani, wakiwemo waliorudi kutoka ukimbizini. Ukifika kwa ndugu, hakikisha umeandikwa siku hiyo hiyo. Usipoandikwa, mwenyeji wako naye anaweza kupata matatizo.

Simu
Sheria ya Mei 2018 ya mwenendo wa mashtaka ya jinai iliruhusu misako ya usiku na kunasa mawasiliano ya kielektroniki. Mitandao ya kijamii ilifungwa wakati wa maandamano ya Aprili 2015, na tena siku ya uchaguzi, tarehe 20 Mei 2020. Kwa hiyo usimlazimishe ndugu yako kuzungumzia siasa kwenye simu. Anayebaki na hatari ni yeye.

Nchi jirani
Tanzania ilianza kuzima laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole Januari 2020. Kenya ilianzisha Nyumba Kumi baada ya shambulio la Westgate la 2013. Uganda imefunga kamera za Huawei barabarani Kampala. Sababu inayotolewa kila mahali ni usalama.

Taarifa zako za ukimbizi
UNHCR huchukua alama za vidole na picha ya mboni ya jicho. Sera yake ya kulinda taarifa binafsi inakupa haki ya kuuliza zinatumiwaje na kuomba zilizokosewa zirekebishwe. Kabla ya kutia saini fomu ya kurudi kwa hiari, uliza: ni taarifa zipi zitapelekwa Burundi, na nani atazisoma? Usitie saini kabla hujapata jibu unalolielewa.