Soko la Chwele na Msaada kwa Waliokimbia Vita vya Mlima Elgon

Kwa miongo mingi, msaada kwa watu waliofukuzwa na vita ulitolewa kwa njia ya chakula chenyewe, yaani mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia yaliyogawiwa kwa kipimo, na utaratibu huo ulishika mizizi baada ya Marekani kupitisha mwaka 1954 sheria ya kupeleka ng'ambo nafaka yake ya ziada na baada ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) kuundwa mwaka 1961. Msaada wa fedha, ambao humwachia mhitaji aamue mwenyewe atanunua nini, ulichelewa kukubaliwa.

Chwele, mji wa Kaunti ya Bungoma ulio chini ya Mlima Elgon, una mojawapo ya masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya. Viazi, kabichi na vitunguu huteremshwa kutoka mlimani, mahindi huuzwa kwa gunia la kilo 90 au kwa gorogoro, kopo linalobeba takriban kilo mbili, na wachuuzi hufika hata kutoka Uganda kupitia Lwakhakha. Mkulima wa mlimani ndiye aliyelilisha soko hili, nalo ndilo lililompa karo ya watoto na mbegu za msimu uliofuata.

Uhusiano huo ulikatwa mara mbili. Kuanzia mwisho wa 1991, mapigano ya kikabila yaliwatimua Wabukusu wengi kutoka Mlima Elgon na sehemu za Trans Nzoia, na makanisa yakawa miongoni mwa waliotangulia kuwapa chakula na mablanketi. Kisha mwaka 2006, mgogoro wa ugawaji wa ardhi ya Chebyuk, mpango wa makazi ulioanza mwaka 1971, ulizaa kundi la wapiganaji la Sabaot Land Defence Force (SLDF), na hadi kufikia mwaka 2008 mamia ya watu walikuwa wameuawa na makumi ya maelfu wamehama makwao.

Jambo linalopaswa kutiliwa mkazo ni kwamba eneo hili halikukosa chakula, kwa kuwa Trans Nzoia ni miongoni mwa maghala makuu ya mahindi nchini. Waliokimbia walikosa uwezo wa kukipata, maana shamba liliachwa, ng'ombe waliporwa na mfukoni hamkubaki kitu. Mgao wa nafaka uliokoa maisha, wala haustahili kubezwa, lakini aliyeupokea bado alihitaji sabuni, chumvi, dawa na ada ya kusaga mahindi yenyewe, na asiye na fedha hulazimika kuuza sehemu ya mgao kwa bei ya kutupa.

Hata hivyo, fedha nazo zina hatari zake. SLDF iliwatoza wakazi kodi kwa nguvu, hivyo mjane aliyejulikana kuwa amepokea shilingi angeweza kufuatwa usiku, ingawa mwenye gunia la mahindi naye hakuwa salama. Tena fedha hazina maana pasipo na nafaka ya kununua, kama walivyojua Wakamba walioiita njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 Nikwa Ngwete, yaani ninakufa ilhali fedha ninazo mkononi. Chwele haikuwa na upungufu wa namna hiyo.

Mabadiliko ya kutoa fedha badala ya chakula yalianza mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Kenya. Shirika la Concern Worldwide lilitumia M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Machi 2007, kuzipelekea fedha familia za Bonde la Kerio, na zile zisizo na simu zikawekwa katika vikundi vilivyotumia simu moja. Serikali nayo, katika Operesheni Rudi Nyumbani, mpango wa kuwarejesha makwao waliohama, ilitoa shilingi 10,000 kwa familia na shilingi 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Mlimani, wakati huohuo, jeshi lilikuwa likiwakamata wanaume kwa maelfu katika Operesheni Okoa Maisha dhidi ya SLDF, iliyoanza Machi, na wanawake ndio waliobaki kuzitunza familia. Malipo yoyote yaliyoandikwa kwa jina la mume yangewapita wao.

Hata baada ya hapo, uhuru wa kuchagua haukuwa kamili. Mwaka 2015 WFP ilianzisha mpango wa Bamba Chakula katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Thamani ya sehemu ya mgao iliingizwa katika laini ya simu ya mkimbizi, naye akanunua kwa wafanyabiashara walioteuliwa; lakini ilikuwa ya chakula tu, hivyo hakuweza kuitoa kama fedha taslimu wala kulipia nauli ya kwenda hospitali.